Malipo: Bado

Kwenye makasha ya serikali punda wa Lamu wamehesabiwa
mwaka kwa mwaka, wenye vidonda na wasio na vidonda,
kwa mashine ya chapa, nakala tatu.
Watoto waliozaliwa Langoni hawamo.

Hao walikuwa kwenye mkebe wa biskuti
chini ya kitanda cha Swafiya binti Athmani:
daftari la nyanya yake, Bi Zafarani, mkunga,
herufi za Kiarabu, maneno ya Kiamu,
wino uliokolezwa kwa masizi ya chungu.
Mchwa walianzia pembeni, wakala hadi mwezi wa Rajabu,
kisha wakashiba, au wakaona haya.

Fomu yangu inauliza: Mtungaji. Mada. Tarehe kamili.
Bi Zafarani anajibu:
Mfunguo Tatu, maji kupwa, mwaka wa nzige.
Mwana wa Tabu, wa kike. Ametanguliza miguu.
Malipo: pishi ya mtama.
Mwana wa Mize, wa kiume. Hakulia hata alipopigwa.
Malipo: sikutaka.

Nafasi ya tarehe nikaiacha wazi.
Nafasi ya mtungaji niliijaza mara mbili,
maana mara ya kwanza mkono ulitetemeka.

Ukurasa mmoja umekunjwa, ukashonwa kwa uzi mweusi.
"Huu hapana," Swafiya akasema.
"Wamo walioitwa kwa baba wasio wao.
Wajukuu wao wako hai. Mmoja ananiuzia samli."
Nikaupiga picha hivyo hivyo, na mshono wake.
Kwenye maelezo: Umefungwa. Si uharibifu.

Ukurasa wa pili yake, mstari wa nne,
nikakutana na mama yake baba yangu.
Hadiya wa Faraji. Usiku kucha.
Mwana wa kiume, kitovu kimemzonga shingo, amekuwa buluu.
Nimemrudisha.
Malipo: bado.

Be, alifu, dali, wau.
Nikasoma tena, labda wino umenidanganya.
Baba aliyefika miaka themanini,
akanisomesha hadi nikapewa glavu nyeupe na kitambulisho,
alikuwa deni la mtu,
na mtu mwenyewe amezikwa bila hata jiwe la kumtambulisha.

Asubuhi nikarudi na pishi mbili za mchele,
moja ya deni, moja ya kuchelewa.
Swafiya alicheka mpaka akashika ukuta.
Kisha akatafuta kalamu ya risasi,
akalowesha ncha ulimini,
na kando ya bado akaandika, kwa herufi zilezile:
yamefika.

Nimefundishwa kwamba waraka wa kale haugusiwi kalamu.
Nimefundishwa vizuri, nina cheti.
Nikamsogezea taa.