Zidaka Saba

Nesi Swabra alinipa pamba, daftari,
na vichupa saba vya dawa ya kikohozi
vilivyooshwa kwa maji ya moto.
Kila usiku harufu moja, akasema,
kwa muda wa saa mbili, akiwa usingizini.
Usimwamshe. Usirudie ya jana.
Miaka thelathini nimefundisha hesabu:
najua kuitii kanuni kabla ya kuielewa.
Tena kwetu harufu husikiwa;
labda pua nayo ni sikio
lisilofunga mlango usiku.

Ukutani, chumba chetu cha juu, Langoni,
Zeitun alikuwa akipanga bakuli za mamake,
moja kwa kila kidaka.
Tuliziuza, moja kwa kila mwaka wa ada ya shule.
Sasa wamekaa humo vichupa.

Jumamosi, asmini. Nilianza kama bwana harusi.
Asubuhi akanitazama kwa adabu ya kumtazama mgeni,
akauliza kama nimepewa chai.

Jumapili, udi. Aliamka akikohoa.
Iliki ikamfanya adai andazi.
Nikaandika: andazi. Nikapiga mstari chini yake.
Jumanne nilisahau mimi.
Usiliandike hilo, nikajiambia,
nikaliandika.

Wiki ya pili majirani walikuwa wakicheka:
mwalimu kageuka kungwi, kila jioni sokoni ananusa.
Nami nikaanza kuona kosa langu.
Asmini imewapamba maharusi wote wa mji huu;
itamkumbukaje mmoja?
Nikatafuta harufu zetu wenyewe, hata mbaya:
vumbi la chaki,
mafuta ya taa,
gunia alilolalia punda usiku wa mvua.
Hakuna.
Kisha ukuta wa msalani ukamomonyoka kwa chumvi,
fundi akaja na ndoo ya chokaa mbichi.
Nikachovya pamba.

Usiku huo aligeuka mara tatu.
Kabla ya adhana akakaa kitako,
kwa sauti ile ya zamani, ya kuhesabia chenji:
"Tokaa ya Famau. Makanda kumi na mawili.
Imelipwa?"

Chumba hiki tunacholala, juu ya chumba cha babangu,
tulikijenga mwaka aliozaliwa kitindamimba.
Famau alichoma mawe ya Manda,
akaleta makanda mpaka mlangoni,
akasema, utalipa ukipata.
Nilipata.
Nikapata tena.
Famau akafa; nikalibeba jeneza, bega la kulia,
nikiomba dua kwa sauti kuliko wanawe,
na ndani, Mungu anisamehe, nikishukuru
kwamba maiti hawana daftari.
Zeitun sikumwambia.
Hilo nilikuwa na hakika nalo
kuliko jedwali la saba.

Nilimkuta Badi wa Famau kibandani pake
akifungua simu ya mtu kwa bisibisi ndogo kama sindano.
Alizihesabu noti taratibu,
akanirudishia mbili: "Zimezidi, mwalimu."
Hazikuzidi. Nikamsukumia.
"Baada ya miaka yote hii, umekumbuka vipi?"
"Si mimi niliyekumbuka."

Nilipompa Zeitun habari, alikuwa akimenya kitunguu.
"Famau nani?" akasema.

Usiku ule niliweka mkadi, nikalala mapema,
mwepesi, kama mtoto aliyefuta ubao.
Kiu ikaniamsha.
Mkadi ulikuwa mahali pake.
Kidaka cha kwanza kilikuwa kitupu.
Kichupa cha asmini, kile cha usiku wa kwanza,
kilikuwa kimelazwa juu ya mto wangu,
hakina kizibo, mdomo umeelekezwa puani mwangu,
na upande wa pili wa kitanda
Zeitun amekaa gizani,
daftari mapajani, kichwa chini miguu juu,
kalamu mkononi,
akingoja niseme.