Lita Themanini

Kwanza nabisha tangi kwa kifundo cha kidole,
kutoka juu kushuka:
tupu, tupu, tupu, tupu,
halafu, kwenye mkunjo wa tisa wa bati, du.
Hapo ndipo maji yalipo. Juzi yalikuwa kwenye wa nane.
Mwaka wa tatu huu, Orroroo haijaona mvua ya kulowesha shati.

Baba anachemsha kimea uani,
gesi inanguruma, povu linapanda na kushuka,
na lile bomba lake la shaba, limejisokota kama utumbo wa kondoo,
amelishika mkononi, anangoja ruhusa.
Bomba hilo hupoza kwa nusu saa.
Kwa nusu saa hiyo hunywa lita themanini za baridi
na kutapika lita themanini za moto
shinani pa mlimau.

"Leo hapana, Corbett."
(Namwita kwa jina ninapotaka anisikie.)
"Leo togwa lako litapoa lenyewe,
kama mtu aliyeudhiwa."

Tukaingia bandani kutafuta chombo.

Chupa kubwa ya kioo ya shangazi Noreen:
nzuri, unaona kila kitu ndani.
Lakini kioo na kilichochemka hawana undugu.
Mwenzake alipasuka mwaka wa harusi ya Leith;
tulideki, tukadeki tena, na bado nyuki walikuja siku tatu.

Pipa la chuma kisichoshika kutu: imara,
ila likijaa linataka migongo miwili,
na wa Baba ni nusu.

Ndoo ya mfuniko wa kubonyeza: inapumua.
Chombo kinachopumua huku kinapoa huvuta vumbi,
na vumbi la hapa lina kila kitu,
mavi ya kondoo, mbegu za magugu, jirani.

Dumu la bluu, nene, kizibo cha kukaza.
Nikalinusa. Dawa ya kupe.
Nimelisugua kwa magadi mara mbili;
dumu halisahau.

Nyuma ya hema, moja jeupe la kambini,
kitakoni pembetatu na namba mbili katikati yake.
Nikalibonyeza mbavu: zikarudi.
Nikapitisha kidole mdomoni mwake: hakuna mkwaruzo
wa kulaza vijidudu.
Nikamimina birika la moto, nikatikisa, nikanusa.
Halikunuka kitu.
Ndiyo sifa pekee niliyokuwa naitafuta.

"Itakuwa na ladha ya ndoo."
"Utaionja, utasema."
"Na uchungu je? Hopsi zitaendelea kuiva humo usiku kucha."

Hapo alisema kweli. Moto usioondoka upesi
huendelea kukamua uchungu.
Konzi ya mwisho tukaichelewesha dakika ishirini.

Tukajaza hadi shingoni.
Nikalikumbatia kwa taulo, nikalibana
mpaka pumzi ya mwisho ikatoka,
yeye akakaza kizibo kwa koleo na tusi dogo.
Tukalilaza ubavu, moto ulambe hadi kifunikoni.

Usiku lilisema peke yake kwenye zege.
Saa nane, ko: ubavu mmoja ukaingia ndani.
Saa tisa kasoro, ko: wa pili.
Nilisikia kitanda cha Baba;
naye alikuwa macho, anahesabu.

Asubuhi lilikuwa limekonda kama mbwa wa machungani,
vuguvugu bado.
"Limejifunga," akasema, akaligonga kwa unyayo,
na hakutaja ndoo tena.

Nikaenda kubisha tangi.
Mkunjo wa tisa, du. Palepale.
Nikasimama na hesabu yangu,
lita themanini zisizoonekana popote,
kwani maji uliyoyaokoa hayana chombo.

Mlimau ulikuwa umekunja majani,
unanitazama kama mteja wa miaka
aliyekuta duka limefungwa.

Nikajaza ndoo moja. Moja tu.

Nilipogeuka, Baba alikuwa anakuja na ya pili,
anachechemea, inamwagikia kiatuni,
anajifanya hanioni.