Ana Mwenyewe

Alikuja kibandani kwangu Kariakor saa ya kufunga,
mashine ya fotokopi imeshazimwa.
Wewe uliyesoma, akasema,
mamluki ni nani?
Redio ya jirani imemwita mwanangu hivyo.

Mama Indakwa, muuza vyondo, mstari wa tatu.
Mwanawe alikuwa soja wa lango fulani Lavington:
rungu, tochi, daftari la namba za magari.
Kisha akaja mtu na tiketi na mkataba.
Nakala nilizitoa mimi, shilingi kumi ukurasa,
kurasa sita,
herufi zake kama viti vilivyopinduliwa.
Sikuuliza.

Nikafungua kamusi isiyo na jalada.
"Askari wa kukodiwa.
Apiganaye vita visivyo vyake."
Akatikisa kichwa. Hiyo ni kazi.
Nalo neno limezaliwa na nani?

Na Waarabu, mama. Mimu, lamu, kafu.
Herufi hizohizo zilizozaa miliki, zikazaa mamlaka,
na yule malkia wa stempu za zamani.
Mamluki ni aliyemilikiwa:
mtoto wa kununuliwa
akapewa farasi, akapewa upanga.
Wengine walikuja kuwa wafalme,
nikaongeza upesi, kama mtu anayerudisha chenji.
Hakuipokea.

"Basi si mwenye kulipwa."
"Mwanzoni, hapana."
"Ni mwenye mwenyewe."
"Ndiyo."

Moshi wa nyama choma ukatuingilia.
Nilitaka kumwambia kwamba hata hapa tulipoketi
ni jina la kikosi cha wapagazi,
waliobebeshwa vita vya Wazungu
hadi migongo ikasahauliwa, jina likabaki soko.
Nikanyamaza. Mzigo wake ulimtosha.

Akafungua fundo la leso.
"Niandikie hilo. Kwa herufi kubwa.
Hata ng'ombe akifa barabarani
hutafutwa mwenyewe.
Kesho naenda ubalozini.
Kama mwanangu ana mwenyewe,
mwenyewe atoke nje, nimwone,
aniambie amemlaza wapi."

Nikaandika. Mkono wangu si mzuri;
kafu ilinitoka kama ndoana.
"Nakala sita," akasema,
akahesabu sarafu juu ya kaunta, moja moja.
Nikazirudisha. Akazisukuma tena.

Mashine ilikuwa imepoa.
Tukaketi, yeye juu ya vyondo vyake,
tukiisubiri ipate moto.