Wati Mia Tatu na Hamsini

Nyuma ya paneli, upande ambao jua halisomi,
pameandikwa kwa wino mzito: WATI 350.
Nilimlipa Avulai Shekuwe kwa mafungu matano,
la mwisho nikauza bangili.
Akaipandisha juu ya bati, hapa hapa Faza,
akakaza skrubu ya nne, akashuka, akanawa mikono.
"Friji yako itakula ishibe."

Haikushiba.
Pakiti sabini za ubuyu nilizopanga asubuhi
jioni zilikuwa uji mwekundu.
Watoto wa chuoni wakazirudisha zikichuruzika:
"Bi Mwanahawa, hizi hazijaganda!"
Nikawarejeshea shilingi kumi kumi,
nikaenda dukani na ulimi wangu wote.

Mbele ya watu nilisema mwizi.
Nilisema mtu akilipia pishi ya mchele
hapewi vibaba viwili na nusu
akaambiwa kashukuru.

Avulai hakujibu. Alikuja na mita,
na Kibibi, binti yangu wa kidato cha tatu, akashika daftari.
Saa saba mchana, jua liko utosini:
mia mbili thelathini na nane.

"Unaona?" nikamwambia.
"Naona. Panda uiguse."
Nikapanda. Nikaweka kiganja, nikakiondoa mbio
kama niliyeshika kaango la bajia.

Kibibi ndiye aliyenisomea maandishi madogo
yaliyojibanza chini ya namba kubwa:
kwamba ilipimwa chumbani,
taa ikiigiza jua,
paneli haijaonja chumvi,
nayo ina ubaridi wa nyuzi ishirini na tano.
"Mama, nyuzi ishirini na tano hapa kwetu ni saa ngapi?"
Tukacheka, hata mimi na hasira zangu.
Ni alfajiri.
Na alfajiri jua lenyewe halijaamka.

Basi tukaanza kuzitafuta wati zilizopotea
kama watu watafutao sindano kwenye mkeka.
Hamsini hivi zimeliwa na joto:
kumbe paneli yapenda mwanga, haipendi moto,
na mimi miaka yote nikidhani ni kitu kimoja.
Nyingine zimelala chini ya ukungu wa chumvi
unaotoka pwani bila kupiga hodi,
na chini ya kinyesi cha kunguru, kimoja tu, pembeni.
Nyingine zilichoka njiani,
kwenye waya mwembamba wa mita kumi na nane,
waya ambao Avulai aliukataa
na mimi nikaushikilia kwa urahisi wa bei.
Hilo sikulisema kwa sauti.

Tukabadili waya.
Nikaiosha paneli kabla ya jua kukolea,
kwa maji ya mvua na kipande cha kanga kuukuu,
taratibu, kama uso wa mgonjwa.
Mchana wake: mia mbili sitini na moja.
Avulai akazungusha nyaya za mita yake.
"Hiyo ndiyo yako," akasema.
"Ile ya nyuma ni ya jua la kwao."
Nikamtaka radhi mlangoni,
tukiwa wawili. Mbele ya watu, bado.
Deni hilo ninalo.

Kisha Jumanne moja ya vuli
mvua ikapiga robo saa, ikakatika ghafla.
Bati likawa linatoa mvuke,
paneli imepoa, imetakata,
na jua likachomoza ubavuni mwa wingu jeupe,
wingu nalo likalirudisha kama kioo.
Kibibi akapiga ukelele ndani:
"Mia tatu sitini na nne!"
Nikaja na mikono imejaa ubuyu.
Namba ilikuwa bado ipo. Ikakaa dakika mbili,
ikashuka bila kuaga.
Kibibi akaiandika, akaipigia mistari miwili.
Nani atatuamini?

Nikarudi kwenye friji, nikahesabu.
Siku hizi sipangi sabini.
Arobaini na nane.
Nikazigonganisha mbili:
zikalia kama mawe.