Mistari Mitatu

Fomu imetoka wilayani, ikapitia kwa mkuu wa shule,
imenifikia na doa la chai:
*Taja majukumu yako kwa ufupi.*
Wameniachia mistari mitatu.

Tukuyu, Aprili. Ukungu umeshuka tangu saa nane,
Mlima Rungwe hauonekani, unaaminiwa tu.
Kabatini karatasi zimenyonya unyevu,
nukta zimelala kama maharage yaliyokanyagwa,
na Anyosisye wa kidato cha tatu anapapasa ukurasa,
anasema, "Mwalimu, Vita vya Majimaji vimefutika."
Basi nabeba vita vyote hadi jikoni,
naanika kwenye kamba juu ya mafiga,
kati ya sufuria ya makande na soksi za mpishi.
Zilizolala kabisa hazifufuki.
Hizo nazitoboa upya kwa sindano, moja moja,
kulia kwenda kushoto,
ili yeye asome kushoto kwenda kulia.
Miaka kumi na moja naandika kinyumenyume.
Mwandiko wangu wa kawaida umeharibika,
hata mke wangu hausomi.

Bonde la Ufa ni kamba ya katani na gundi.
Ziwa Nyasa nimelikata kwenye bitana
ya koti langu la harusi (hilo naye bado hajalijua).
Anyosisye akaliteleza kwa kidole hadi mwisho:
"Ziwa ni laini hivi?"
Nikamwambia, asubuhi, ndiyo.

Ukaja mtihani wa majaribio. Swali la sita:
*Tazama picha, kisha eleza.*
Nikapanda kwenda Mbeya na karatasi mkononi,
nikakaa kwenye benchi hadi ofisi ikafungwa.
Jibu lilikuja kwa barua: mtahiniwa aongezewe muda.
Muda wa kutazama nini?

Ofisini kwetu wanasema "watoto wako", "kitengo chako",
kama vile niliwazaa mwenyewe nyuma ya maabara.
"Si uwafundishe kusuka vikapu," alisema mmoja,
huku akiniomba chumvi ya kiazi chake.
Nilimpa chumvi.

Halafu ile Alhamisi.
Mvua ikapiga bati kama lori limemwaga kokoto.
Mwaisumo wa kemia akafungua kinywa,
tukaona meno, hatukusikia neno.
Wanafunzi hamsini na wawili wakawa viziwi kwa mpigo;
wa hamsini na tatu alikuwa nyumbani kwake.
Atuganile aligeuka, akatazama nyuso zilizopotea,
akacheka ile sauti yake isiyojua kujipima.
Akanisogeza kwa kiwiko, mimi mkalimani wa kila siku,
akasimama ubaoni: maji. Chumvi. Subiri, linachemka.
Mikono ikainuka darasa zima, mibovu, yenye kigugumizi,
Mwaisumo naye akikosea *chumvi* mara tatu.
Nilifurahi. Nilifurahi mno.

Nilimwona nimechelewa.
Dirishani, paji la uso juu ya dawati,
Anyosisye, ambaye mvua ilimnyang'anya masikio
na hakuwa na kingine cha kuwekeza.
Nikapiga magoti, nikachukua kiganja chake,
nikamgongea nukta kwa ncha ya kidole:
ch, u, m.
Akanyamaza. Kisha akanipigia kelele sikioni,
akishindana na bati lote la Rungwe:
"Umekosea herufi ya pili!"

Sasa ni saa nne usiku, umeme umekatika.
Kwa kazi hii sihitaji taa.
Nimeiweka fomu kwenye fremu, nimeshika sindano,
naijaza mistari yao mitatu,
kulia kwenda kushoto, bila kuzidisha hata nukta.
Wakitaka kujua nimeandika nini,
waje kitengo. Wamuulize Anyosisye,
kama hatakuwa na kipindi.

Ila kwanza naianika juu ya mafiga.
Itawafikia wilayani ikinuka moshi.