Kijiko cha Jani la Mfenesi

Walikurudisha Jumanne, Vilasini,
kilo thelathini na nane ndani ya sari ya manjano
iliyozoea kubeba hamsini na tano.
Dereva wa ambulansi hakuzima injini.
Daktari Shahanas alinikabidhi karatasi:
kidogo kidogo, mara sita kwa siku;
muinue mgongo kwanza, ndipo umlishe;
uji mzito, si maji matupu, maana koo limesahau njia;
akikohoa, acha. Ngoja.
Protini, aliandika, akapigia mstari mara mbili.

Na mimi fundi wa redio,
miaka thelathini na mmoja ya ndoa,
sijui hata chumvi inakaa kopo gani.

Kanji ya kwanza niliiunguza.
Mchele uliganda chini ya sufuria, moshi ukatoka nje,
ukavuka mfereji, ukapita nyumba tatu.
Hakuna aliyekuja kuuliza kinachoungua.
Balan, tuliyegombania karata miaka ishirini,
alinipungia mkono kutoka ng'ambo
kama mtu anayefukuza nzi.

Ya pili ilikuwa nyepesi mno. Ya tatu ukaimeza.

Nikajifunza. Choroko naziloweka usiku,
asubuhi naziponda mpaka zisijijue.
Yai nalivuruga ndani ya uji wa moto lipotee,
kwa kuwa ukiliona unageukia ukutani.
Kijiko kimoja cha mafuta ya nazi, kisha kingine, kimyakimya.
Nimekuwa mwizi wa kinyume:
naingia kwa kunyata, naacha vitu.

Papai nililigeuzageuza chini ya taa ya mezani,
ile ninayofungulia redio zilizokufa,
nikitafuta alama ya jino.
Nyuma ya nyumba mapera yanaoza chini.
Popo wanakula upande mmoja tu, halafu wanaondoka.
Siyaokoti. Nayapitia mbali, kama Balan anavyotupitia sisi.
Papai nikaliosha, nikalimenya, nikaliosha tena,
nikala kipande cha kwanza mimi.

Lakini kijiko cha chuma ulikikataa.
Kiligonga meno, ukatetemeka mwili mzima,
mkono ukakimbilia puani palipokaa ule mpira siku kumi na saba.
Basi nikachuma jani la mfenesi,
nikalimwagia maji yanayochemka, mara tatu,
nikalikunja kama tulivyokunja utotoni,
nikalibana kwa njukuti ya ufagio mpya.
Ulilitazama muda mrefu.
Halafu ukaniita Sukumaran,
jina la kaka yako, uliyemuuguza ukaugua,
ambaye bado sijakuambia.
Ukafungua kinywa.
Nikaitika. Ungeniita jina lolote siku ile
ningeitika, mradi kinywa kiko wazi.

Siku ya kumi na tisa, uji ukiwa mdomoni,
ulikunja uso.
Ukalitafuta neno. Nililiona likikukwepa,
macho yako yakilifuata juu ya rafu, darini, mlangoni.
Nikataja maji. Nikataja sukari, nikataja mto, nikataja choo.
Ukatikisa kichwa kwa hasira,
hasira yako mwenyewe, ya zamani,
ile iliyokuwa ikinifukuza jikoni.
Kisha ukagusa kidole chini ya jicho
na kukilamba.

Ah.

Wiki tatu karibu, mpishi gani mimi.
Nikaleta makopo yote, nikayapanga juu ya shuka.
Ukanyoosha mkono kwenye la bluu lenye kifuniko kilichopasuka,
ukachota mwenyewe, vidole vikicheza,
nusu ikamwagika kitandani, nusu bakulini.

Uji ule ulikuwa mkali wa chumvi, hausemeki.
Ulikula majani manane. Nilihesabu.
Lililobaki nilikula mimi, kwa jani lile lile,
na ukanitazama nikikunja uso,
ukasema, polepole, ukilipima kila herufi,
jina langu.