Wasifu wa Marehemu

Baba mdogo Mwasaru kauandika kwa mkono,
kurasa mbili za daftari la mraba:
Mwadime wa Mwanjala, dereva wa winchi,
miaka thelathini na mmoja Kilindini,
nduguye Mwasaru, nduguye Mwakio,
mzee wa kanisa, mweka hazina wa chama,
mwenye nyumba ya vyumba sita Mikindani.
Kisha, pale kalamu ilipoanza kukauka:
ameacha pia mabinti.

Hiyo "pia" naijua.
Nimeisoma mimbarini Jumapili nyingi,
katika zile orodha ndefu zinazolaza vijana:
fulani akamzaa fulani, akaishi miaka mia nane,
na wa kike nao akawazaa,
hao hawana umri, hawana kaburi,
wanamwagwa nyuma ya sentensi
kama maji ya vyombo.

Magongo, duka la kuchapia, saa mbili usiku.
Malori ya makontena yanatetemesha kioo.
Yunusi anachapa kwa vidole viwili.
"Dada, ukurasa umejaa. Majina manne hayaingii."

Hayaingii.
Mala, Noa, Hogla, Milka, Tirza waliingia.
Walisimama mlangoni pa hema, jangwani,
mbele ya kuhani na wakuu na umati wote,
wakauliza jina la baba yao lifutwe kwa kosa gani,
kosa la kuzaa wao?
Na Mungu, hapa ndipo koo hunikaba,
hakuomba siku mbili za kufikiri.

Ila mimi si mtoto. Nimesoma mpaka mwisho.
Sura tisa mbele, wakuu wa ukoo wamerudi,
wana adabu, wana hesabu ya mashamba:
haya, warithi, lakini waolewe humu humu.
Wakaolewa na wana wa baba zao wadogo.
Majina yakatajwa tena, yamepangwa upya,
Tirza wa mwisho sasa ni wa pili.
Nani alimsogeza?
Hakuna aliyeandika.

"Toa ua," namwambia Yunusi.
"Hili waridi la pembeni?"
"Toa. Maua yalimpigisha baba chafya."
Mghoi, ndiye mimi. Wakesho. Mkanyika.
Anachapa polepole, ananiuliza herufi.
Na Samba, aliyezikwa ana miezi saba,
muweke naye, nasema,
alimwita baba kabla hajajua kutambaa.

Nakala mia nne. Zikikunjwa, mkunjo
unapita juu yetu sawasawa.

Kanisani, Changamwe, feni moja imekufa.
Baba mdogo anasoma, midomo inacheza,
anafika mahali, anasita,
ananitafuta kwa macho kati ya vitambaa vyeusi.
Halafu anaikunja karatasi mara ya pili
na kuanza kujipepea:
majina yetu yanakwenda, yanarudi,
mbele ya uso wake,
yanampa upepo.